Visu Tisa vya Nyumba ya Arnulfo

Ocotlán, 4 Machi 1975

Kaka Fidencio,

Ningetaka salamu ziende mbele, lakini leo habari imezipita. Baba ameanguka. Hii ni wiki ya tatu. Kiharusi kimemchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi wote. Anatusikia na anatutambua, ila akitaka kitu anaonyesha kwa mkono wa kushoto, kisha anakasirika tusipomwelewa. Mimi nimehama Ejutla na sanduku langu moja. Sikuacha mtu kule. Yule bwana wangu aliyeondoka akirudi atakuta kufuli.

Nakuandikia kwa sababu ya kiwanda. Mzee Crisanto bado anakuja kupiga nyundo kubwa, na ndiye aliyenifundisha kufua. Usicheke. Springi za lori nazinyoosha, nazikata, nazipa umbo la kisu, na mzee anasema mabapa yangu yamenyooka kuliko yako ulipoanza. Ijumaa sokoni wanaume wananiuliza kama kwa Arnulfo siku hizi wanafua sketi. Nawajibu walete za wake zao nizipime.

Lakini kisu kilichofuliwa tu ni laini, ukikikandamiza kwenye mfupa kinalala. Kilichobaki ni kile Baba alichokuwa akikifanya kwenye chumba cha nyuma, mlango umefungwa: kukipasha moto na kukichovya kiwe kigumu. Sisi wanawake hatukuingia mle. Crisanto naye hakuwahi kuitwa. Mafundi wengine wa mtaa huu siwezi kuwauliza, unawajua. Kila nyumba ina njia yake, na nikigonga mlango mmoja leo, kesho soko zima litasema kwa Arnulfo hakuna anayejua kazi. Binamu Heriberto ameshakuja mara mbili kuitazama fuawe, eti anamjulia hali mgonjwa.

Wewe ndiye mwanawe wa kiume, na ulikuwa naye kiwandani miaka kumi. Niandikie hatua kwa hatua, kama unayemwandikia mjinga, maana kwa hili mimi ni mjinga. Sitaki kugonga muhuri wa Baba kwenye kisu kisichostahili.

Mkeo Leocadia hajambo, na meza yake ya nyama bado ipo palepale. Binti yenu Tila ametimiza miaka tisa. Wanakuulizia.

Dada yako,
Obdulia


Kambi ya nyanya, Culiacán, 21 Machi 1975

Mdogo wangu Obdulia,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Habari ya Baba sijui niiweke wapi. Huku tunachuma nyanya kuanzia alfajiri hadi mgongo ukatae, na jioni mtu hana hata nguvu ya kuvua viatu. Nitakuja mavuno yakiisha.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu haya Baba alinionyesha mimi peke yangu.

Funga mlango na dirisha. Si kwa ajili ya siri, ni kwa ajili ya macho. Mwanga wa jua unadanganya: chuma kilichoiva utakiona bado, na ukingoja zaidi utakiunguza. Ndani ya giza utaona rangi yake ya kweli. Washa makaa, si kuni, na mvukuto upigwe taratibu. Kipitishe kisu mbele na nyuma ili kiwake sawasawa, mgongo kwanza, ncha mwisho, maana ncha ni nyembamba na huungua upesi. Weka sumaku karibu. Sumaku ikiacha kukivuta, kimekaribia. Kihesabie pumzi kumi, kikifika wekundu wa nyanya iliyoiva, kitoe.

Usikichovye kwenye maji, kitapasuka. Tumia mafuta mazito ya injini ya gari yaliyopashwa kidogo, ya moto kama maji ya kuoga. Kishushe wima, usikitikise ubavuni, la sivyo kitapinda kama ndizi. Moshi utatoka, na moto pia, usiogope.

Kikipoa pitisha tupa kwenye makali. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, umefaulu. Hapo kazi imekwisha. Noa, weka mpini, gonga muhuri, uza.

Waambie hao wa sketi kwamba Fidencio bado yuko hai.

Kaka yako,
Fidencio


Ocotlán, 14 Aprili 1975

Kaka,

Cha kwanza nilikichovya kwenye maji, kwa ukaidi tu, nikitaka kuona. Kilitoa sauti ndogo kama mtu anayevunja kidole, na ufa ukapita katikati. Cha pili kilipinda kama ulivyosema. Cha tatu niliungua nyusi. Crisanto alicheka hadi akakaa chini, akasema sasa ninafanana na Baba.

Cha nne, Fidencio, tupa iliteleza. Nilirudia mara nne nisiamini. Nilikaa mle gizani na kisu magotini nikalia, na sioni aibu kukuambia. Miaka thelathini na moja nimeishi, na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokitengeneza kikawa kigumu kunizidi.

Nikampelekea Baba. Alikishika kwa mkono wa kushoto, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza. Macho yake yakafurahi, hilo nililiona. Halafu akaanza kuonyesha jikoni. Nikamletea supu. Akaisukuma. Akaonyesha jikoni tena. Nikamletea tortilla za moto, akazitupa. Imekuwa hivyo kila nikimpelekea kisu: anakitazama, kisha anataka jikoni. Leocadia anasema mzee amekuwa mlafi, kila akiona kisu anakumbuka nyama.

Nina swali moja. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa anavikausha visu kwenye komali, lile kaango lake la udongo, baada ya kuchoma tortilla za asubuhi. Mimi mwenyewe niliwahi kuvigeuza nikiwa mdogo. Alikuwa ananikaripia nikivisahau. Je, nifanye hivyo?

Obdulia


Culiacán, 2 Mei 1975

Obdulia,

Mambo ya jikoni yaache jikoni. Mama alikuwa anakausha mafuta tu ili visu visinuke. Kitambaa kinatosha. Tena usikipashe moto tena kisu kilichokwisha kuchovywa, utakiharibia ugumu wote ulioutafuta kwa jasho. Hivi ungepika wali ukaiva kisha ukaurudisha kwenye maji?

Baba mpe anachotaka kula na usimpelekee kazi. Anajiumiza kuona mwingine akiifanya.

Nina ombi. Mfulie Leocadia kisu cha kuchambulia nyama, kirefu, chembamba, ncha kali. Ni miaka mitatu sijamwona na sijui nimtumie nini. Kiandike kwa tindikali kama Baba alivyokuwa akifanya: paka bapa nta, chora maneno, mimina, ngoja, osha. Andika hivi: MWENYE KISU HIKI HAYUKO PEKE YAKE. Mwambie kimetoka kwangu, ingawa mkono ni wako. Ujuzi ni wangu.

Fidencio


Ocotlán, 3 Juni 1975

Kaka,

Kisu cha mkeo ni kizuri kuliko vyote. Mpini nimeuweka wa pembe ya ng'ombe, mweusi, na maneno yametoka safi. Nilimpelekea kwenye meza yake Ijumaa, watu wamejaa. Aliyasoma kwa sauti, akanitazama, akasema, “Wifi, kisu hiki kinajua kuongea kuliko aliyekituma.” Wanawake wote wa safu ya nyama wakacheka. Lakini alipodhani simwoni alikifuta kwa aproni yake polepole, akakisoma tena. Anakitumia kila siku. Kinakata, anasema, kama hakuna kitu kilicho mbele yake.

Vilivyo mikononi mwa watu sasa ni tisa, pamoja na hicho.

Lakini yapo mawili yananisumbua. Mwuza jibini alirudisha kisu kilichovunjika ncha. Anaapa kilianguka tu sakafuni. Nilimpa kingine. Jana Baba alikuwa na kisu kipya mkononi, akaonyesha jikoni, nikamwambia chakula bado. Akakitupa kwenye jiwe la mlangoni kwa nguvu zake zote za kushoto. Kikavunjika vipande vitatu, kama sahani. Alianza kulia, Fidencio, kwa ile sauti yake isiyo na maneno. Nilikasirika. Nilimwambia kama ana wivu na kazi yangu aniambie kwa njia nyingine, na sasa najuta.

Crisanto aliviokota vile vipande akavitazama muda mrefu. Anasema visu vya Baba havikuwa vinavunjika hivi. Ukivikunja vilikuwa vinarudi. Kuna kitu umekisahau? Jaribu kukumbuka. Miaka mingi imepita, hakuna atakayekulaumu.

Obdulia


Culiacán, 22 Juni 1975

Obdulia,

Sijasahau kitu. Springi hiyo ilikuwa mbovu, lori limeishi sana barabarani. Tafuta springi nyingine. Na Crisanto ni mpiga nyundo, apige nyundo. Ukianza kumsikiliza kila mtu hutafika popote. Wewe endelea kama nilivyokuandikia.

Leocadia hajaniandikia kuhusu kisu. Mwulize kama amekipenda.

Fidencio


Ocotlán, 24 Juni 1975

Fidencio,

Nilikutumia simu ya maandishi Ijumaa na nyingine Jumamosi. Hukujibu. Padre alisema tusingoje zaidi kwa joto hili. Tumemzika Leocadia Jumapili.

Nitakuambia lilivyokuwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. Ijumaa asubuhi alikuwa anachambua paja la ng'ombe. Unajua anavyofanya, anaegemeza paja mezani na kuvuta kisu kuja kwake. Kisu kilikwama kwenye kiungo cha mfupa. Akavuta kwa nguvu. Bapa likakatika katikati. Nusu ikabaki ndani ya mfupa, na nusu iliyobaki kwenye mpini ikaja na nguvu zake zote ikamwingia kwenye paja, juu, karibu na kinena. Hakupiga kelele. Alisema, “Obdulia, nimelowa.” Niliweka ngumi zangu zote mbili pale. Mwuza pilipili akaleta gari. Hatukufika kwa daktari, ilikuwa bado mitaa miwili.

Tila alikuwa shuleni. Nilimwambia mimi.

Sasa nisikilize. Sikuandikii unifariji. Kosa ni langu, mkono uliofua ni wangu, na nimekwisha kumwambia Mungu hivyo. Labda nilikipasha moto mno, labda mafuta yalikuwa baridi, sijui. Ninachotaka kujua ni kimoja. Kama kosa ni la mkono wangu siku ile, basi ni la kisu kile. Lakini kama lipo kwenye njia yenyewe, basi liko kwenye vyote tisa, na vinane bado viko kwa watu. Mwuza jibini anacho. Mama mjamzito wa kule kwenye mashine ya kusaga anacho. Kuna cha mkata miwa, kuna cha mchungaji wa mbuzi. Wote wanavuta visu kuja kwao.

Niambie ukweli, uwe wowote. Nitangoja kwa siku ngapi kabla mwingine hajalowa?

Obdulia


Culiacán, 4 Julai 1975

Obdulia,

Barua yako na zile simu mbili nimezipata siku moja. Msimamizi alikuwa ameziweka kwenye droo kwa sababu hajui kusoma jina langu. Nimekaa siku mbili. Niliandika barua moja ya kukwambia kwamba ulikipasha moto mno. Nilikwisha kuifunga. Nimeichana.

Mlango ule ulifungwa kwangu pia.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita Baba aliniingiza mara moja. Nikaharibu mabapa kumi na mawili mchana mmoja kwa haraka zangu. Akanitoa kwa mkono, akasema, “Huyu hana subira ya moto,” na hakuniita tena. Miaka yote kumi nilikuwa nanoa na kuweka mipini. Watu walidhani naingia, nami niliwaacha wadhani. Nilimwambia hata Leocadia hivyo nilipomposa. Kulikuwa na ufa kwenye ubao wa mlango, nikawa natazama. Yote niliyokuandikia niliyaona kupitia ufa ule: makaa, sumaku, mafuta, tupa. Baada ya tupa Baba alikuwa anatoka na visu ndani ya kitambaa, nami nilikimbia nisikutwe. Vilipopelekwa baada ya hapo sikujua.

Ulipouliza habari ya komali, kalamu ilisimama mkononi mwangu. Hapo ningeweza kusema sijui. Lakini nilifikiria: kama ndiyo siri yenyewe, basi Mama aliijua, na wewe ukiwa mtoto uliishika kwa mikono yako, na mimi peke yangu katika nyumba ile ndiye niliyeachwa nje. Hilo sikuweza kuliandika. Nikaandika habari za wali.

Vikusanye vyote. Usilale kabla ya kuvikusanya.

Siwezi kuja. Msimu huu nimeuwekea sahihi hadi Septemba, na hata usingekuwa hivyo sijui ningetembeaje kwenye safu ile ya nyama. Nakuomba jambo moja tu kwa jina la Mama: usimwambie Tila. Mwache ajue kwamba ilikuwa springi mbovu.

Nimeumia, Obdulia. Hujui nilivyoumia.

Fidencio


Ocotlán, 19 Julai 1975

Fidencio,

Barua yako ilinikuta nimekwisha kujua. Siku ya pili baada ya kukuandikia, Baba alionyesha jikoni tena, nami nikachoka kubahatisha. Crisanto na mimi tukambeba na kiti chake hadi jikoni, tukamweka mbele ya jiko. Akanyoosha mkono kwenye komali. Kisha kwenye kisu. Kisha kwenye komali. Nikasimama pale kama mti.

Niliwasha moto mdogo nikalaza kisu kilichong'arishwa juu yake. Kwanza hakikuonyesha kitu. Halafu rangi ikaanza kutembea toka mgongoni: njano ya majani makavu, kisha asali, kisha kahawia. Baba akainua mkono. Nikakitoa. Nilikibana na kukikunja, kikarudi kimenyooka. Kisu kikichovywa kinakuwa kigumu lakini hakina uvumilivu, na kwenye komali ndiko kinakofundishwa kuvumilia. Kila siku tangu Aprili Baba alikuwa ananiambia hivyo, nami nikampelekea supu.

Nimetembea kwa wanunuzi wote, mlango kwa mlango, nikawaambia visu vyangu vinaua. Niliwaambia mbele ya watu, mbele ya Heriberto, na sasa soko zima linajua kwamba kwa Arnulfo hakukuwa na anayejua kazi. Nimepata saba. Cha nane kilinunuliwa na mpanda nyumbu aliyekuwa akielekea pwani. Hakuna anayemjua jina. Kila nikilala namwona akivuta.

Barua yako ina mlango, ina ufa, ina Baba na Mama, ina maumivu yako. Nimeisoma kutafuta mstari mmoja unaouliza Tila anaishi wapi sasa, nani anamlisha, kama analala. Haupo. Yuko kwangu. Halali vizuri. Anakula kidogo.

Umeniomba nimfiche. Nilijaribu, kwa ajili ya Mama. Nikamwambia kuhusu springi. Akaniuliza kwa nini basi nimekusanya na vingine. Ana akili, hilo huwezi kulijua kwa mbali. Nikakaa naye kitandani nikamwambia yote, sehemu yangu na sehemu yako, bila kuongeza chumvi. Nilimwambia mimi nilikuwa na shaka nikainyamazisha. Hakulia. Aliuliza kama wewe ulikuwa unajua kisu kitavunjika. Nikasema, “Hapana, baba yako hakujua.” Akasema:

“Sasa kwa nini hakusema tu kwamba hajui?”

Ananiuliza tena asubuhi, ananiuliza akirudi shule. Mimi usiniandikie tena. Mwandikie yeye.

Obdulia